Bi Badriya na Daftari la Chui

Simu ililia Bi Badriya akiwa anachagua mchele. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, ghorofa ya pili ya nyumba yao ya mtaa wa Kiponda, sinia mapajani, na dirisha la mbao kaliacha wazi nusu ili upate kuingia mwanga bila ya jua. Nambari hakuijua.

"Assalamu alaykum. Shikamoo Bi Badriya. Mimi naitwa Nassra, nipo pale ofisini kwenu kwa zamani, kwenye mambo ya wanyamapori."

"Wa alaykumu ssalaam. Marahaba mwanangu. Kuna nini tena huko ofisini?"

"Kuna chui."

Bi Badriya aliliweka sinia chini. Miaka sita ilikuwa imepita tangu astaafu, na mingi zaidi tangu mtu amtajie neno lile kwa sauti ya kazi, si ya mzaha.

"Wapi?"

"Mangapwani. Kuna mama mmoja mbuzi wake kauliwa, na anasema kamuona huyo mnyama kwa macho yake. Nimeuliza hapa nani anayajua mambo haya, kila mtu ananambia, mtafute Bi Badriya, ndiye mwenye daftari."

Daftari alikuwa nalo kweli. Tena si moja, yalikuwa manne, ya jalada gumu, yamelala ndani ya sanduku chini ya kitanda, yametiwa punje za karafuu yasiliwe na wadudu. Ofisi ilipohama na makaratasi ya zamani kutolewa nje yachomwe, yeye aliyaomba, na hakuna aliyeona kuwa ameomba kitu cha maana. Alimuahidi Nassra kwamba asubuhi yake watakwenda pamoja. Kisha akayatoa, akayapangusa, na mchele ukabaki vilevile mpaka adhuhuri.

Aliajiriwa mwaka thamanini na tatu, kazi ya kupiga chapa. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, msichana wa mjini asiyelijua shamba ila kwa hadithi za mamake. Babu yake alikuwa na mikarafuu huko Dole, ikachukuliwa na serikali yeye akiwa bado mtoto mdogo, na kilichobaki ni masimulizi. Moja mamake alilirudia mara mia: asubuhi moja ya msimu wa karafuu, wachumaji walikimbia kutoka chini ya mti mmoja, maana chui alikuwa kalala juu ya tawi, mkono mmoja unaning'inia, kama mtoto aliyechoka kulia. Hakumgusa mtu. Aliamka kwa wakati wake, akashuka, akaondoka. "Na manyoya yake," mamake akisema, "yaling'aa kama kitu kilichopakwa samli."

Kwa hivyo siku mkubwa wa kazi alipouliza nani atafuatilia habari za chui, baada ya bwana aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kuhamishiwa Pemba, moyo wa Badriya ulipiga kabla hajafikiri. Mkubwa aliona maua anayoyachora pembeni mwa karatasi, akamwambia, "Wewe unajua kuchora. Utakwenda na Jaku."

Jaku alikuwa mlinzi wa msitu, mtu wa Fukuchani huko kaskazini, mwembamba, umri wake umeshapindukia arubaini, nyayo zake zimepasuka kwa mawe ya uwanda. Zamani alikuwa msasi, mmoja katika wale waliowinda kwa mbwa na nyavu katika miaka ya baada ya Mapinduzi, wakati chui walipokuwa wakisakwa kisiwa kizima kwa kuwa watu walisema wachawi ndio wanaowafuga na kuwatuma. Hakuwa msemaji. Ukimuuliza maneno kumi, anakujibu mawili.

Mamake Badriya alikataa. "Binti yangu apande pikipiki nyuma ya mwanamme, Kiponda nzima inamtazama?"

Siku ya pili yake Jaku alikuja mwenyewe, kavaa kanzu na kofia. Hakuingia ndani, alikaa barazani, akasema kwa sauti ya kusikika darini: "Bi mkubwa, mimi nna mabinti watatu. Huyu atakuwa wa nne. Akirudi na mkwaruzo, niulize mimi." Mamake aliteremsha kahawa. Tangu siku hiyo Badriya alimwita Ami Jaku, na alipokwenda naye hakuna aliyemuuliza.

Ile miaka! Mpaka leo Bi Badriya akisikia mlio wa Honda ya zamani hugeuza shingo. Alikuwa akikaa upande, buibui kalibana magotini, mkoba begani, na ndani yake rula, penseli, daftari, na bati la unga wa plasta wa kuchukulia alama ya unyayo. Walikwenda Upenja, Kiwengwa, Muyuni, Jozani, Kizimbani. Wanaume wa vijiji hawakumwambia mtu wa serikali habari za chui, wakiogopa kuulizwa chui huyo ni wa nani. Wanawake ndio waliomuona, wakikata kuni, na wanawake walimwambia Badriya kwa sababu aliingia jikoni, akakaa kwenye mbuzi, akakuna nazi kama mtu wa nyumbani. Nazi ya pili ikifika nusu, maneno yanaanza kutoka yenyewe.

Wengine walimchekesha. Bumbwini mzee mmoja aliapa kuwa chui amekaa juu ya ukuta wa jirani, hatingishiki. Walipokwenda walikuta ni kitambaa cha madoadoa cha bibi harusi, kimeanikwa kikauke. Jaku alicheka siku ile mpaka akaisimamisha Honda njiani.

Kila habari iliandikwa: tarehe, mahali, jina la mwenye kuona, alichokiona, na mwisho matokeo. Na matokeo yalikuwa ni mbwa, au ngawa, au paka shume, au, mara nyingi kuliko zote, "haikuthibitika". Kitu kimoja tu Badriya alikiogopa, nacho ni nyoka. Jaku akilijua hilo, na kila walipofika pahala penye majani alimwambia asimame, akatangulia yeye kutazama.

Miaka kumi na tatu hawakupata hata unyayo mmoja wa chui. Ofisini walimpa jina, Bi Chui, na halikuwa jina la heshima. Wataalamu walipokuja kutoka nje, wakamuomba awaonyeshe plasta moja, aliwafungulia kabati iliyojaa miguu ya mbwa. Na mamake, katika maradhi yake ya mwisho, alikuwa kila jioni akimuuliza, "Bado hamjamuona?" Naye akimjibu, "Bado, mama." Mamake alikufa na jibu hilo.

Asubuhi waliyoahidiana Nassra alikuja kumchukua barabarani Malindi, kwa kuwa gari haiwezi kuingia vichochoroni. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na saba hivi, mtaratibu, kamera nne za kufunga kwenye miti zimo mkobani mwake. Njia nzima alikuwa akiyafungua yale madaftari, akisoma kimya, akigeuza ukurasa kwa ncha ya kidole.

Mwenye mbuzi aliyeuliwa jina lake Mize. Aliwapokea kwa adabu lakini mdomo kaufunga. "Nshamwambia sheha kila kitu," alisema.

Bi Badriya alitazama jikoni. "Mwenzangu, nazi yako hujaikuna?"

Mize alishtuka, kisha akacheka. Dakika kumi baadaye Bi Badriya yuko juu ya mbuzi, magoti yanamuuma, tui linasubiriwa, na Mize anasimulia. Alimuona alfajiri imeshapambazuka, karibu na pango. Mrefu, mgongo umeinama katikati, mkia mzito. Alisimama, akamtazama, akageuka bila haraka. "Mbwa akikuona hukimbia au hubweka. Huyu alinitazama kama mimi ndiye niliyeingia kwake."

Walikwenda mpaka penye udongo laini, pembeni ya dimbwi. Bi Badriya alivaa miwani, akainama. Vidole vinne, na mbele ya kila kidole nukta ya ukucha. Paka, mkubwa au mdogo, anapotembea kucha zake huzificha. Huyu alikuwa mbwa, tena wawili.

"Mimi nliyemuona hakuwa mbwa," alisema Mize.

"Sikwambii umesema uongo, mwenzangu. Nakwambia waliokanyaga hapa ni mbwa. Maneno yako yataandikwa kama ulivyoyasema."

Nassra alizifunga kamera, mbili karibu na dimbwi na mbili njiani kuelekea pangoni. Alipomaliza alikuja akakaa karibu na Bi Badriya juu ya jiwe, daftari la pili na la tatu yamo mikononi.

"Bi Badriya, nikuulize kitu. Mara tatu umeandika kuwa nyayo zilikuwepo lakini zimevurugwa. Kiwengwa mwaka thamanini na saba, Muyuni mwaka tisini na moja, Kizimbani mwaka tisini na tano."

"Mbuzi hupita, na watu hupita. Kijiji kikisikia habari kila mtu anataka kuona."

"Lakini umepachora. Mara zote tatu umepachora vizuri. Hebu tazama. Huyu mwenye katambuga ni nani?"

Bi Badriya alitazama. Kalamu yake ya ujana ilikuwa imechora kila kitu: majani yaliyolala, tope lililotifuliwa, na juu ya tope alama ya kiatu cha mpira wa gari, mistari ya mshazari, na upande wa kisigino kipande kimekatika. Kiwengwa kipande kimekatika. Muyuni kimekatika. Kizimbani kiatu ni kingine, lakini mguu umepinda nje vilevile. Alikuwa amekichora kwa rula, akakipima, na hakukiona. Ukimzoea mtu, hata alama ya mguu wake huioni tena.

"Bi Badriya?"

"Mwambie dereva," alisema, "twende Fukuchani."

Walimkuta Jaku uani kwake, juu ya kitanda cha kamba, uso kauelekeza kwenye joto la jua. Miaka thamanini na mbili. Macho yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe. Miaka mingi sasa walikuwa wakisikilizana kwa simu siku za sikukuu tu.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba." Alitega sikio. "Badriya. Honda umeiacha wapi?"

Wangecheka. Nassra alitabasamu, akidhani watacheka. Lakini Bi Badriya alisema, "Ami, Muyuni ulinambia kuna nyoka, swila. Nisimame palepale, nisisogee."

Jaku aliugeuza uso kutoka kwenye jua.

"Alikuwepo swila?"

"Hakuwepo."

Bintiye, Bashira, aliyekuwa akileta kahawa, alisimama na sinia mlangoni.

"Ulizifuta wewe."

"Nlizifuta mimi. Kwa mguu. Mara tatu." Aliinua vidole vitatu, kama hakimu kamuuliza. "Zilizobaki zote zilikuwa mbwa, sikukudanganya. Hizi tatu zilikuwa zake."

"Kwa nini?"

Jaku alivuta pumzi. Halafu mtu yule wa maneno mawili alisema mengi kuliko Bi Badriya alivyowahi kumsikia akisema kwa mpigo mmoja. "Yule bwana kabla yako, aliyekwenda Pemba, aliandika moja, akasema imethibitika. Wiki haikwisha, wakaja wasasi na nyavu. Mimi ndiye niliyeambiwa niwaonyeshe njia, na nikawaonyesha. Alikuwa jike. Tulipomgeuza, maziwa yanamtoka. Siku mbili tuliwatafuta watoto. Wenzangu wakiwatafuta wawamalize, na mimi natembea nao huku nnamuomba Mungu tusiwaone. Hatukuwaona. Baada ya hapo ukaja wewe na penseli yako."

"Ungenambia, Ami."

"Ungeandika."

"Nisingeandika."

"Wewe, Badriya? Wewe ulikuwa ukiandika mpaka mbuzi waliocheua."

Bi Badriya aliinuka. Alitaka kusema habari za kabati iliyojaa miguu ya mbwa, na jina la Bi Chui, na wale wataalamu, lakini kilichomtoka kilikuwa kingine. "Mama aliniuliza mpaka siku ya mwisho," alisema. "Nikamwambia bado. Na wewe ulikuja kwenye mazishi, ukakaa na wanaume, ukala wali, na ulikuwa unajua."

Aliondoka bila ya kunywa kahawa. Njia nzima mpaka Malindi Nassra hakuthubutu kuwasha hata redio.

Wiki tatu Bi Badriya alikaa na hasira yake kama mtu anayekaa na mgonjwa. Jaku alipiga simu mara mbili, hakuipokea. Alipomsimulia mwanawe Basma, anayeishi Maskati, Basma alimwambia kwenye simu, "Basi mama, ulitaka uandike, wende wakamuue?" Akamjibu si hivyo. Basma akamuuliza, ni vipi basi? Bi Badriya alizima simu, akashika ufagio, akafagia chumba kilichokwisha kufagiliwa.

Alijaribu kufikiri kama angekuwa yeye Muyuni asubuhi ile, katangulia, tope limelowa kwa mvua, na ule unyayo mbele yake, mzima, kama uliotiwa kwa muhuri. Angepiga magoti. Angeuchora, angeumiminia plasta, angeubeba mpaka Kiponda kumuonyesha mamake. Na Jumatatu angeupeleka ofisini, maana ndiyo kazi aliyoajiriwa. Hakuna namna nyingine aliyoiona, na aliitafuta.

Wiki ya nne Bashira alipiga simu. Baba kapewa siku ya kutolewa mtoto wa jicho hospitali mjini, na hataki kwenda. "Anasema mjini hana pa kufikia."

"Mwambie ngazi zangu ni thalathini na mbili," alisema Bi Badriya. "Ajitayarishe."

Jaku alipanda ngazi zile taratibu, mkono ukutani, akipumzika kwenye kila kipindo, na alipofika juu hakuomba radhi wala Bi Badriya hakumsamehe kwa maneno. Alimpikia mkate wa ufuta na mchuzi wa papa mkavu, chakula alichojua anakipenda, na wakala. Wakazungumza habari za bei ya samaki, na nani kafa Fukuchani na nani kaoa. Siku ya upasuaji alikaa naye tangu asubuhi, na wauguzi wakamwandika kuwa ni mtoto wake.

Mchana uliofuata, jicho moja limefunikwa kitambaa cheupe, Jaku alisema ghafla, "Lete penseli."

Bi Badriya alileta, na karatasi.

"Ule wa Muyuni ndio uliokuwa mzuri. Chora duara, si duara sana. Pana nyuma. Huku nyuma pana kama mawimbi matatu. Sasa vidole. Kimoja kimetangulia kidogo, kama kidole chako cha kati. Hakuna kucha. Ndani ya tope mlikuwa na unywele mmoja, mfupi, nlidhani ni jani."

Alichora. Mkono haukuwa imara kama zamani, ikabidi afute na kurudia. Alimuuliza ukubwa, Jaku akakunja kiganja chake, akakiweka juu ya karatasi ili apime. Saa nzima walifanya hivyo. Muadhini alipoadhini alasiri, unyayo ulikuwa umekaa pale, baina ya sahani ya tende na dawa za macho, mkubwa kama kiganja cha mtu mwembamba. Bi Badriya aliutazama, machozi yakamtiririka, asiyapanguse. Jaku, aliyekuwa haoni vizuri bado, alimsikia akivuta kamasi.

"Mamako," alisema, "siku ile ya baraza, baada ya kahawa aliniita mlangoni. Alinambia, mkimuona chui msiseme na mtu, mleteeni habari mimi peke yangu. Nami nlimletea, Badriya. Kila mara, nlipokuja na samaki. Nlimwambia yupo."

Bi Badriya aligeuka. "Mama alijua?"

"Alijua tangu Kiwengwa."

"Na akiniuliza kila jioni!"

"Labda alitaka kuona kama na wewe utamficha," alisema Jaku. "Au alitaka kumtaja tu. Mie sijui mambo ya mamako." Bi Badriya alicheka huku analia, mpaka jirani wa chini akauliza kwa sauti kama kuna salama.

Wiki ilipokwisha, kitambaa kimeondolewa, Nassra alikuja na gari kumrudisha Jaku kwao, na Bi Badriya akafuatana nao. Njiani walipita Mangapwani kubadilisha betri za kamera. Picha za mwezi mzima zilikuwa zimeonyesha mbwa wawili, ngawa mmoja na watoto wake, kima, na Mize mara kumi na moja akipita na mzigo wa kuni. Nassra alisema ataziacha kamera mwaka mzima, na kwamba siku hizi akionekana, watakaopelekwa ni walinzi wa kumlinda. Jaku alimsikiliza hadi mwisho. Hakusema anaamini, wala hakusema haamini.

Lakini gari iliposimama aliteremka, miwani yake myeusi usoni, asiambiwe na mtu. Aliingia njia ya dimbwini polepole, akainama kwa jicho lake jipya, akamwita yule msichana.

"Njoo hapa. Sio huko, utakanyaga. Huyu ni ngawa, muone anavyoweka mguu wa nyuma juu ya wa mbele. Huyu mbwa, anachechemea. Huyu mbuzi mwengine wa Mize, kapita leo, kingo bado kali. Na hapa, unaona nini?"

"Sioni kitu, babu."

"Inama vizuri."

Nassra alipiga magoti kwenye udongo, suruali yake safi, akaweka uso karibu na ardhi. Bi Badriya alikaa juu ya jiwe akiwangoja, mkoba wake mapajani, jua la saa nne limeshaanza kuwa kali. Dereva alipiga honi mara ya kwanza, kisha ya pili, na hakuna katika wale watatu aliyegeuka.